Mapambo ya Noeli kutokana na vitu vya jikoni: tathmini ya mafunzo ya karakana moja ya Kamalondo

Anayetaka kujifunza kutengeneza mapambo ya Noeli kwa vitu vya kawaida vya nyumbani hapa Lubumbashi hana haja ya kwenda mbali. Huko Kamalondo kuna karakana ndogo ya mama mmoja, fundi wa cherehani, ambaye kuanzia katikati ya Novemba huacha nguo za wateja kila Jumamosi na kuugeuza ua wake kuwa darasa, akisaidiwa na binti zake wawili. Kwa faranga 15,000 mwanafunzi hupewa unga, chumvi, waya, uzi na nafasi mezani tangu asubuhi hadi alasiri, na kila alichokitengeneza ni chake. Nimehudhuria masomo hayo, nikayatundika mapambo yake nyumbani kwangu katika msimu wa mvua, na nimeyaona yaliyodumu na yaliyoharibika. Ninayasifu mafunzo haya kwa moyo wote pale yanapofuata hali ya hewa na vitu vya mji wetu, lakini yanapojaribu kuiga theluji ya Ulaya, thamani yake hushuka sana.

Somo la kwanza, na ndilo refu kuliko yote, ni la unga wa chumvi. Vipimo vyake ni rahisi kukumbuka: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, yanayotiwa kidogo kidogo huku mkono ukiendelea kukanda. Unga wa mahindi tunaosongea bukari haufai kwa kazi hii, kwa sababu hauna ule mnato wa ngano unaolishika umbo likauke bila kupasuka. Donge hukandwa kwa dakika kumi hivi mpaka liwe laini na lisilonata vidoleni, kisha husukumwa kwa chupa tupu hadi libaki na unene wa nusu sentimita. Kukata maumbo hakuhitaji kifaa cha kununua: mdomo wa glasi hutoa duara, kopo la nyanya lililofunguliwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa nyota au jani, na mrija wa kalamu iliyokwisha wino hutoboa tundu la kupitishia uzi. Tundu hilo lazima litobolewe donge likiwa bado bichi, kwa maana likishakauka halitoboki bila kuvunjika.

Kati ya maumbo yote yanayofundishwa, moja ndilo lililonivutia hata nikatamani kila nyumba ya mji huu iwe nalo. Ni umbo la msalaba wa shaba wa Katanga, ule wenye mikono minne inayokaribia kulingana, ambao wahenga wetu waliusubu na kuutumia kama fedha kabla ya ukoloni, na ambao wachimbaji wa mambo ya kale waliukuta umewekwa pamoja na maiti katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mama fundi huuchora msalaba huo juu ya karatoni na kuukata kwa mkasi; mwanafunzi huiweka karatoni hiyo juu ya donge na kuufuatisha kwa kisu. Rangi yake hutokana na udongo wa kichuguu, ule ule mwekundu wanaoufyatulia matofali pembezoni mwa mji, uliochekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na unga kabla ya kukandwa. Msalaba uliokauka huwa na wekundu wa kahawia usiong'aa, na ukitundikwa kwa uzi wa katani kwenye tawi la kijani, huonekana kuwa wa hapa na wa Noeli kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, kilichonishawishi kuandika tathmini hii ni ukaushaji. Maelekezo mengi ya unga wa chumvi yanayosambazwa kwenye simu yameandikwa kwa ajili ya watu wenye tanuri la umeme na hewa kavu, nasi hatuna uhakika wa vyote viwili mwezi wa Desemba. Umeme hukatika, na mvua hunyesha karibu kila siku. Katika ua huu mapambo hukaushwa ndani ya sufuria kubwa ya alumini iliyowekwa mchanga chini, juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, yenye makaa machache, na makaa mengine machache hupangwa juu ya kifuniko ili joto litoke pande zote mbili. Ni njia ile ile ambayo mama zetu huokea keki. Tofauti iko katika kiasi cha moto, kwa kuwa keki hutaka joto kali, na unga wa chumvi hutaka joto la chini, la nyuzi 100 hadi 120 hivi, kwa muda wa saa mbili au tatu. Joto likizidi, maji yaliyomo ndani ya donge hugeuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka, na nyota iliyokuwa bapa huvimba na kupasuka.

Kwa kuwa hakuna kipimajoto, mama fundi hutumia kipande cha karatasi nyeupe. Hukiweka ndani ya sufuria, hufunika, husubiri kidogo, kisha hufunua na kukiangalia. Kikibaki cheupe, mapambo huingia. Kikianza kuwa na rangi ya chai, makaa hupunguzwa. Nilipoona yangu yamekuwa magumu juu nikataka kuyaondoa, alinizuia akisema, "Baba, usiyatoe bado. Uso umekauka, tumbo bichi." Akachukua vipande viwili na kuvigonganisha. Vilitoa sauti nzito, ya kitu chenye maji. Baada ya muda aligonganisha vile vile viwili, navyo vikalia kama vigae. Kipimo hicho cha sauti sikukikuta katika maelekezo yoyote niliyowahi kuyasoma, na hadi sasa ndicho ninachokitegemea.

Sababu ya ukali wake katika jambo hili ni ya kweli kabisa. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na unyevu wa hewa ukifika takribani asilimia 75 huanza kuyeyuka kwa maji yale iliyoyavuta. Msimu wetu wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, huwa na usiku mwingi wenye unyevu unaozidi hapo. Pambo lililokaushwa nusu huanza kutoa jasho, hulegea, na mwishowe hukatikia penye tundu lake na kuanguka. Lililokauka vizuri nalo halina budi kufunikwa kwa vanishi, mbele, nyuma, ubavuni na ndani ya tundu, ili hewa isipate pa kuingilia.

Na hapa ndipo karakana hii inaponisikitisha. Vanishi inayotolewa ni kidogo sana, kopo moja kwa meza nzima, na wanafunzi wengi huondoka wakiwa wamepaka upande wa mbele tu. Baadhi ya mapambo niliyoyaleta nyumbani yalikuwa ya namna hiyo, na kabla ya mwaka mpya migongo yake ilikuwa imelowa na uzi umeyakata. Mtu anayefundishwa kwa uangalifu mkubwa namna ya kukausha anastahili kupewa pia vanishi ya kutosha, hata kama bei ingepanda kwa faranga elfu moja au mbili. Ninamshauri kila atakayekwenda anunue kopo lake dogo kwa wauza rangi, au amalizie kazi nyumbani siku iyo hiyo kabla mvua ya jioni haijaanza.

Somo la pili ni la waya wa shaba, na kwa maoni yangu ndilo linalotoa mapambo mazuri kuliko yote. Waya hutoka katika mota zilizoungua, na hununuliwa kwa uzito kwa mafundi wanaosuka mota upya. Karakana huuleta ukiwa umekwisha kusuguliwa kwa msasa ili kuondoa ile rangi ya kuzuia umeme inayoufunika. Ninasisitiza neno hilo la kusuguliwa, kwa sababu wapo wanaoichoma rangi hiyo kwenye moto wa makaa, na moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto wanaozunguka mbabula. Mama fundi hakubali waya uliochomwa, na nimemsikia akimrudishia muuzaji mzigo mzima.

Nyota ya waya hutengenezwa juu ya kipande cha ubao chenye misumari mitano iliyopigiliwa katika duara. Waya huzungushwa kutoka msumari mmoja kwenda wa tatu wake, kisha wa tano, hivyo hivyo mpaka nyota ijifunge, halafu hurudiwa mizunguko kadhaa ili iwe imara. Ugumu uko katika tabia ya shaba yenyewe: kila inapokunjwa huzidi kuwa ngumu, na ikikunjwa mno hukatika. Binti mkubwa wa karakana, ambaye ndiye anayeshika somo hili, huonyesha jinsi waya uliokwisha kugoma unavyopashwa moto mpaka uwe mwekundu uliofifia, kisha ukatumbukizwa majini na kurudia ulaini wake wa mwanzo. Watu wazima waliokuwepo, wengine wao wafanyakazi wa migodi wa miaka mingi, waliomba warudie kuitazama hatua hiyo. Mwishoni nyota husuguliwa kwa ndimu na chumvi, nayo hutoa ule mng'ao wa waridi ambao shaba huwa nao kwa siku chache tu kabla ya kuanza kufifia. Mimi huipenda zaidi ikishafifia, lakini anayeitaka iendelee kung'aa anaweza kuisugua tena kila Noeli, bila gharama yoyote.

Mapambo ya maganda ya jakaranda hayahitaji maelezo marefu, ingawa yanastahili sifa. Kila anayeishi Lubumbashi anaijua miti hiyo inayopamba barabara zetu kwa maua ya zambarau mwezi wa Septemba na Oktoba, ila wachache huinama kuokota maganda yake, bapa na magumu, yanayofunguka pande mbili na kubaki yameshikana kwenye shina lao. Karakana huyakusanya wakati wa kiangazi, huyaweka kwenye sufuria ya mchanga kwa nusu saa ili wadudu waliojificha ndani wafe, kisha huyasugua kwa kipande cha mshumaa mpaka yawe na mng'ao mdogo wa mbao. Kinachobaki ni kupitisha uzi. Hayana rangi ya dukani wala gundi, nayo hayajali unyevu. Mapambo yangu ya jakaranda yako vile vile kama nilivyoyapokea.

Malaika wa maganda ya mahindi nao ni wazuri. Maganda makavu yaliyotunzwa tangu mavuno hulowekwa katika maji ya uvuguvugu hadi yalainike, hukunjwa juu ya kifundo kidogo cha pamba ili kipatikane kichwa, hufungwa kwa uzi shingoni na kiunoni, na mikono husokotwa kando. Kwa kuwa mwenyeji ni mshonaji, malaika hawa huvishwa mitandio ya mabaki ya vitenge, na hakuna wawili wanaofanana. Watoto walioandamana na wazazi wao walishikamana na meza hiyo hata wakasahau kula. Lakini yafaa kuangalia maganda yawe yamekauka kabisa kabla ya kuwekwa ndani ya boksi baada ya sikukuu, la sivyo yataota ukungu.

Vipande vya machungwa vilivyokaushwa, ambavyo vinapendwa sana katika picha za mapambo ya Ulaya, sikuona sababu ya kuvifundisha hapa. Hutaka moto mdogo kwa saa nyingi, hivyo hula makaa kuliko thamani yake, na vikiachwa katika hewa yetu ya Desemba hulegea, hunata na kuwaita sisimizi.

Sasa nije kwenye theluji. Meza ya mwisho ya siku ina pamba ya duka la dawa, rangi nyeupe na vizibo vya chupa za bia, na wanafunzi hufundishwa kubandika vizibo vitatu kwa mfuatano ili kupata mtu wa theluji, au kuyapaka matawi weupe na kuyamwagia pamba. Ninaelewa kwa nini: wateja huomba, kwa sababu hivyo ndivyo Noeli inavyoonekana katika kalenda na katika mapambo ya plastiki yanayojaa Soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kila mwisho wa mwaka. Lakini kazi hii haina ubora wa ile iliyotangulia. Gundi iliyotumika haishiki vema juu ya bati la vizibo, rangi hubanduka kwa kuguswa, na pamba hunasa vumbi jekundu kiasi kwamba kabla ya tarehe 25 theluji imekuwa na rangi ya barabara ya Katuba. Zaidi ya hayo, pamba hushika moto upesi sana, na katika mji ambao umeme ukikatika watu huwasha mishumaa, sitaki kuiona karibu na mti wowote. Muda wa meza hiyo ungetumika vizuri zaidi kwenye upakaji wa vanishi.

Vizibo vyenyewe si vibaya. Nimewaona watoto wa mtaa wakivipondaponda kwa jiwe hadi viwe bapa, wakavitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye waya, navyo hulia vikiguswa na upepo. Kama karakana ingeviacha viwe vizibo, na alama zake za kiwanda zikaonekana, meza hiyo ingepata uhai.

Wapo wanaoyadharau mapambo ya aina hii na kuyaita ya maskini, nami ningependa wajue asili ya mipira ya kioo ambayo ile ya plastiki inaiiga. Katika mji mdogo wa Lauscha, ulioko katika milima ya Thuringia nchini Ujerumani, ambako kiwanda cha kioo kilianzishwa mwaka 1597, husimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 fundi mmoja alikosa fedha za kununua matofaa na jozi (kokwa zenye ganda gumu) za kutundika kwenye mti kama ilivyokuwa desturi, akaamua kuyapuliza matunda hayo kwa kioo alichokuwa nacho. Miaka michache baadaye kazi hiyo ikawa riziki ya mji mzima, na kuanzia miaka ya 1880 mfanyabiashara F. W. Woolworth akawa anaiagiza na kuiuza katika maduka yake Marekani. Fundi huyo, ikiwa alikuwepo kama masimulizi yanavyodai, alitumia kilichokuwa mkononi mwake, na mkononi mwetu sisi kuna shaba, udongo mwekundu na maganda ya jakaranda.

Kuhusu huduma yenyewe, sina malalamiko makubwa. Somo hutolewa kwa Kiswahili, na Kifaransa huongezwa kwa anayekihitaji. Ua hufunikwa kwa turubai, nalo hustahimili mvua ya kawaida, ila mvua ya radi hulazimisha kila mtu kuingia na meza yake katika chumba cha cherehani, ambamo nafasi ni finyu. Chakula hakimo katika bei. Jirani huuza maandazi na chai, na wengi huridhika. Mama fundi huwapokea watu wazima na watoto kwa heshima moja, humsikiliza kila mmoja, na hapazi sauti mtu anapoharibu unga. Jambo moja analolirudia mara nyingi ni kwamba mapambo ya chumvi yasiachwe karibu na ardhi penye mbwa, kwa kuwa chumvi iliyomo inaweza kumdhuru mbwa vibaya akiyala. Wakati wa kuyahifadhi huyataka yafungwe ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, kwa ajili ya panya na mende, na hushauri kutia humo mchele mkavu kidogo wa kufyonza unyevu.

Wanaotaka kununua bila kujifunza huweza pia kufika siku za kazi, kwani karakana huuza mapambo yaliyokamilika. Nyota ya shaba huuzwa faranga 3,000, msalaba wa udongo 1,500, na ganda la jakaranda 500. Kwa bei hizo ningechukua nyota chache za shaba na maganda mengi ya jakaranda, na kabla ya kulipia msalaba ningeugeuza na kuutazama mgongo wake kama umepakwa vanishi. Ukikuta haujapakwa, mwambie Mama kwa upole. Atauchukua, ataupaka palepale, nawe utarudi kuuchukua kesho yake. Nafasi za Jumamosi mbili za mwisho kabla ya Noeli hujaa mapema, kwa hiyo ni vizuri kupita na kuandikisha jina tangu mwanzoni mwa Desemba.